Kijana wa Bukavu ana miaka 11 katiwa darasa la pili, nianzie wapi kumsomesha?

Suali lenyewe lilikuwa refu, nalifupisha. Dada mmoja wa Jang'ombe kamaliza chuo mwaka jana, ajira bado, anasema mtaani kwao kuna familia imekuja kutoka Bukavu, Kongo. Walitoka 2025 vita vilipoingia mjini kwao, wakavuka Burundi, wakapita Kigoma, mwisho wakaja Unguja kwa jamaa yao ambaye ni fundi cherehani. "Kuna kijana ana miaka 11, skuli wamemtia darasa la pili kwa sababu hajui kitu. Mie alasiri siku zote tano niko bure, nataka kumsomesha yeye na wenzake wawili bila ya malipo. Nimejaribu wiki moja. Nikimpa hesabu ya kugawa anaandika mambo siyafahamu, nikimuuliza umefahamu anasema ndiyo, kumbe wapi. Dada yake wa miaka 13 haji kabisa. Nijifunze Kifaransa kwanza maalim? Na nifungue grupu tuchangishe watu wawasaidie?"

Waalaykum salaam dada yangu. Kifaransa usijifunze, grupu usifungue, siku tano usiende. Sasa nikueleze kwa nini, na mengine hukuniuliza lakini ntakwambia tu.

Nianze na hilo la "hajui kitu" maana ndo linaloniuma. Mtoto aliyesoma miaka minne mitano Bukavu si mtupu, ana mzigo wake kichwani, tatizo mzigo umefungwa kwa kamba ambayo waalimu wetu hawajaizoea, wanautizama kwa nje wanasema hamna kitu. Na wewe umeshaliona hilo kwa macho yako ila hukujua unachokiona, ile hesabu ya kugawa. Ntakwambia alichoandika bila ya kukiona. Ulimpa tuseme 156 ugawe kwa 12. Sisi tunaweka 12 kushoto nje, 156 tunaifunika kwa kile kibanda, jibu tunaliandika juu. Yeye kaandika 156 kushoto, kapiga mstari wa kusimama, 12 kaiweka kulia, chini ya 12 kapiga mstari mwengine wa kulala na chini yake kaandika 13. Halafu upande wa kushoto chini ya 156 kashusha kutoa zake. Ndivo au sivo? Basi ile ni kugawa kwa Kifaransa, wanagawa hivo Ufaransa, wanagawa hivo Kongo na Burundi, na jibu lake ni 13 sahihi kabisa. Wewe uliona fujo kwa sababu kila kitu kimegeuzwa upande, na mwalimu wa skuli mwenye watoto sitini mbele yake atapiga kosa apite zake.

Hiyo ni moja. Ya pili ni nukta na mkato. Kwetu ukiandika 1,500 kila mtu anasoma elfu moja na mia tano. Kwa aliyesoma Kifaransa ule mkato ndo nukta ya desimali, kwa hiyo 1,500 kwake ni moja na nusu, na mbili na nusu anaiandika 2,5. Mtoto wa namna hii ukimpa hesabu za bei ya sukari na unga anakuletea majibu ya ajabu mpaka unamuonea huruma, na hana kosa. Mwambie siku moja tu, mwandikie zote mbili zikae pamoja, siku hiyo hiyo atakamata. Ya tatu ndogo lakini inakula maksi nyingi, tarakimu zenyewe. Wao 1 wanaiandika na mkia mrefu wa juu unashuka kama paa la nyumba, na 7 wanaikata kati kwa kistari. Mwalimu wetu akiiona ile 1 anasoma saba. Nimewahi kushika daftari la mtoto mmoja wa Burundi lina makosa kumi na moja, nikayapitia moja moja, manane yalikuwa ni zile moja zake zimesomwa saba. Manane! Mtoto kapigwa bakora kwa ajili ya mkia.

Na akihesabu mwache ahesabu kwa lugha anayoitaka. Utamsikia anasema chini chini septante, nonante, hiyo ni sabini na tisiini, Kongo na Burundi wanahesabu hivo kwa njia ya Wabelgiji. Ukimlazimisha afikiri kwa Kiswahili cha Unguja na huku anatafuta jibu unampa kazi mbili kwa wakati mmoja. Jibu atalitamka kwa Kiswahili mwishoni, inatosha.

Sasa Kiswahili chenyewe, na hapa ndo watu wengi wanapojikwaa, maana tunasema "ah, Wakongo si wanasema Kiswahili, rahisi." Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kule Kongo na Bukavu ndo lugha ya mtaani, kweli, lakini skuli hasa madarasa ya juu ni Kifaransa, na Kiswahili chao si hichi chetu. Yeye anasema batoto, anasema muzuri, anasema niko nasoma, skuli kwake ni masomo, kalamu ni biki, daftari ni kaye. Wewe unamwambia "hebu n'tizame, si n'shakwambia jana?" unakimbia nayo hivo kwa lahaja yetu ya kumeza maneno, wallahi hata mtu wa Dar anabaki kukodoa macho, seuze mtoto wa Bukavu. Anashika neno moja katika manne, mengine anabahatisha. Na kwa sababu kila mtu anaamini anafahamu, hakuna anayemfafanulia. Mtoto wa Kisomali angekuja hajui neno hata moja watu wangemuonea huruma, wangemueleza pole pole. Huyu anaonekana mjinga tu.

Kwa hiyo zungumza naye taratibu, tamka neno zima. Daftari moja liweke liwe la maneno, ukurasa unaugawa kati, upande mmoja anaandika neno la kwao upande wa pili la kwetu, na ayaandike yeye si wewe. Wiki tatu hizi utashangaa linavyojaa. Na tafadhali asichekwe, wala na wewe usicheke hata kama inachekesha, maana watoto wetu mtaani wameshaanza kumuiga, nna hakika. Mie huwageuzia kibao. Wakongo tisa wanasema kenda, watoto wetu wanacheka, nawaambia nendeni mkamuulize bibi yenu kenda ni ngapi. Wanarudi kimya, kwa sababu bibi kawaambia kenda ni tisa tokea zamani na nyinyi ndo mmesahau.

Hilo la "umefahamu?" "ndiyo" liache kabisa kuuliza. Mtoto mgeni katika nyumba ya watu atasema ndiyo kwa adabu, ndivo alivyofunzwa, na pengine kwenye safari yao yote kusema ndiyo kumemuokoa zaidi kuliko kusema hapana. Muulize suali ambalo ndiyo haliwezi kulijibu. Nioneshe. Nifanyie hii na mie nikutizame. Leo wewe mwalimu, nisomeshe mie namna yenu ya kugawa. Hili la mwisho nakusisitizia lifanye mapema sana. Kaa chini kwenye mkeka, mpe chaki, akusomeshe kugawa kwa kwao, na wewe kosea kidogo akusahihishe. Nimeona mtoto aliyekuwa hasemi miezi miwili akasema dakika kumi mfululizo kwa sababu mwalimu kakosea mstari wa kusimama.

Kingereza sasa, ndo maana nikasema Kifaransa huna haja nacho. Unajua kwetu tokea sera ya elimu ya 2006 hesabu na sayansi zikapangwa zisomeshwe kwa Kingereza kuanzia darasa la tano, watoto wetu wenyewe wanafika pale wanazama. Huyu wako kuna kitu kawapita wote na hakuna aliyemwambia. Mwandikie kwenye ubao multiplication, division, addition, fraction, triangle, angle, rectangle, science, table, page. Usiyatamke, muulize tu anayajua? Atakusomea yote, kwa matamshi ya Kifaransa, na maana atakwambia, kwa sababu yanaandikwa herufi kwa herufi sawa sawa katika lugha zote mbili. Mtoto aliyekaa darasa la pili akiambiwa hajui kitu anagundua nusu ya maneno ya hesabu ya darasa la tano anayo mfukoni. Fanya hivo siku ambayo umemuona kachoka na kakata tamaa, usiimalize siku ya kwanza.

Nije kwenye siku tano. Hapa nisamehe nitoke kidogo.

Mie mtu wa Pemba. Januari 2001 baada ya yale mauaji ya waandamanaji wa upinzani huku Zanzibar watu zaidi ya elfu mbili tulivuka kwa vyombo mpaka Shimoni, Kenya, na mie nilikuwemo, nna miaka 11, umri wa huyu kijana wako. Wakimbizi tulikuwa sisi, Wazanzibari, vijana wa siku hizi ukiwaambia wanadhani unawatania. Basi pale alikuja kaka mmoja, mtu mwema, jina lake silisemi, akasema atatusomesha. Siku ya kwanza kaja, ya pili kaja, kila siku, asubuhi na jioni, chini ya mti, kaleta na penseli na biskuti, tulikuwa watoto kama thelathini hivi. Tulimpenda mpaka basi. Siku ya kumi hakuja. Ya kumi na moja hakuja. Sisi tulikaa pale chini ya mti na penseli zetu, na siku ya pili yake tukakaa, mdogo wangu alikaa wiki nzima, akipigwa na jua, anaambiwa njoo ule anasema mwalimu atakuja akose mtu. Hakuja tena. Pengine aliugua, pengine alipata kazi Mombasa, simlaumu, kijana alijitolea nafsi yake yote kwa siku tisa akachoka. Lakini kwa mtoto ambaye kaacha nyumba, kaacha skuli, kaacha babu yake yuko Wete, yule alikuwa ni mtu mwengine tena aliyepotea bila ya kuaga. Alipokuja mwengine baadae, mama mmoja wa hapo hapo Shimoni, alituambia mie nakuja Jumanne tu, nna kazi zangu. Jumanne tu. Na akaja kila Jumanne mpaka tuliporejea. Huyo ndo alonifanya niwe mwalimu.

Kwa hiyo siku mbili. Chagua sasa hivi, tuseme Jumatatu na Alkhamis, baada ya sala ya alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu, saa moja na kitu hivi inatosha kwa mtoto aliyekwisha kaa skuli asubuhi. Na uwaambie mwisho ni lini, mpaka muhula umalizike, halafu tutazungumza tena. Ajira yako inshaallah itakuja, na ikija siku mbili utaweza kuzibeba au kumpa mwenzio, siku tano huwezi. Siku huendi mpigie mama yao simu kabla, wala si baada. Mwenzio nakushauri umtafute mapema, si kwa ajili hiyo tu, ni kwamba mtu mzima mmoja peke yake na watoto wa watu haipendezi. Kaeni barazani, mlango wazi, watu wanapita wanawaona. Ndani ya chumba usimuweke mtoto wa mtu, hata ukiwa na nia safi kama maji ya zamzam.

Huyo dada yake wa miaka 13. Umesema haji, hukusema kama umekwenda kumuuliza mama yake. Nakisia yuko nyumbani na mtoto mdogo, mama katoka kutafuta riziki, na ndo anapika. Usimpe mdogo wake ujumbe kwamba dada aje, nenda wewe, mwanamke kwa mwanamke, kaa na mama, kunywa chai yake akikukaribisha, usikatae. Mwambie aje na mtoto mgongoni, mie nimesomesha darasa lenye watoto wachanga wawili wanalia zamu kwa zamu na dunia haikuanguka. Kama alasiri ndo wakati wa jikoni, mpe wakati mwengine hata nusu saa Jumamosi asubuhi. Na akija usimtie kwenye herufi pamoja na wadogo, atajificha harudi, miaka 13 ni umri wa haya. Mpe cheo, awasomee wadogo, akusaidie neno ambalo hulifahamu. Ila na hapo angalia, asigeuke mkalimani wako wa kila siku, na yeye kaja kusoma.

Mambo ya vita usiulize. Hata kwa mlango wa nyuma, ile "nichoree nyumbani kwenu," usifanye, hujui kitakachotoka na hujui utakishika vipi. Akisema mwenyewe msikilize, usikatishe, usilie kumzidi, halafu muendelee na hesabu, kuendelea na hesabu ni dawa kuliko watu wanavyofikiri. Ukiona hali chakula, halali, anajikojolea mkubwa mzima, hiyo si kazi ya tuisheni tena, zungumza na mama waende hospitali. Jambo moja dogo, Idi ikikaribia watoto wetu wanaripua fataki mitaani kuanzia magharibi, mtayarishe, mwambie kabla kwamba mlio huu ni mchezo wa sikukuu. Hakuna anayekumbuka kuwaambia.

Na dini. Skuli zetu zina vipindi vya dini na Kiarabu, hiyo familia sijui ni watu gani na wewe hukusema, vizuri hukusema. Usiingie humo, si kwa kuvuta wala kwa kusukuma. Ramadhani kama wao hawafungi mtoto apewe maji yake ndani bila ya kelele.

Grupu la michango nimesema hapana na hapa nakuwa mkali kidogo. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 mkimbizi Tanzania anatakiwa akae sehemu zilizopangwa, makambi kama Nyarugusu kule Kigoma, kutoka nje ni kwa kibali. Kwa hiyo familia iliyoko mjini, hata ikiwa karatasi zao ziko sawa, inaishi na wasiwasi mtu akitoa kalamu kuandika majina. Karatasi zao usiziulize, wewe si mtu wa uhamiaji. Wewe unafungua grupu la WhatsApp la watu mia mbili, unatia picha ya watoto wamekaa mkekani na kitenge cha mama nyuma yake, "tuwasaidie ndugu zetu wa Bukavu, wako Jang'ombe nyuma ya mskiti fulani," na kesho iko stetasi ya mtu Dubai. Nia yako nzuri, ila umewaanika. Picha hakuna, majina hakuna, orodha hakuna. Unataka daftari sita na penseli, waombe mashoga zako wawili watatu uso kwa uso, bei yake hata haifiki ya kuchangisha. Kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali hapo mtaani, watu watakwambia nenda kajitambulishe, na kawaida ndivo tunavyofanya na ndo adabu, lakini kwanza muulize mama, wao na sheha wakoje. Akisema twende sote, nendeni. Akisita, mwambie sheha kwamba unasomesha watoto wa mtaani barazani kwenu, ambalo ni kweli tupu, na tia na watoto wawili wa kwetu kwenye mkeka ili iwe kweli zaidi. Tena itawasaidia wote, wa kwetu watajua kusema pole pole.

Darasa la pili. Mtoto mkubwa kusoma na wadogo wa miaka saba kunavunja moyo, najua, lakini usiende skuli wiki hii kugomba. Skuli imempokea, hilo kubwa, Sheria ya Mtoto ya 2011 hapa Zanzibar inampa mtoto haki ya elimu na mwalimu mkuu kaitekeleza, mshukuru kwanza. Kule kwao mwaka unaanza Septemba kwetu Januari, kwa hiyo kaja katikati na watu hawakujua wamuweke wapi, wakamuweka chini kwa usalama. Fanya kazi wiki sita, weka kila karatasi yake na tarehe. Kisha mama aende na wewe umsindikize, yeye azungumze wewe ukae pembeni, mmuoneshe mwalimu mkuu zile hesabu za kugawa kwa njia mbili, ya kwao na ya kwetu, jibu moja. Muombe ampe mtihani mdogo wa hesabu wa darasa la nne. Hesabu tu, Kiswahili bado. Waalimu wetu wengi ni watu wa haki wakioneshwa kitu kwa macho, wanachokikataa ni kuambiwa mbele za watu kwamba wamekosea. Wakikataa kabisa, wizarani kuna idara ya elimu mbadala na watu wazima, kaulizeni kuhusu watoto waliopitwa na umri.

Jumatatu basi usiende na kitabu. Chukua mkeka, ubao mdogo, chaki, na boflo la kugawana maana mtoto aliyetoka skuli ana njaa. Andika 156 gawa kwa 12 kwa njia yetu, halafu mpe chaki umwambie mie kwenu sijui mnaifanyaje, nisomeshe. Ukikwama kwenye ule mstari wa kusimama niandikie.